Mlango Uliosema Ndiyo

4 Februari

Kwako mke wangu mdogo uliyenikimbia,

Pokea salamu, zishike kwa mikono miwili maana ni nzito, zimelala kwangu tangu mwaka jana. Mimi mzima, ila goti la kulia limeanza ujeuri, nikilikunja linalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Bibi yako ni mzima kuliko mimi. Nguvu zote zilizotoka kwenye goti langu amezichukua yeye akaziweka mdomoni. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu, paka naye kazaa juu ya mbao zangu za rafu na sasa siwezi kuzigusa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Jumapili ulipiga simu ukaita Babu, Babu, unanisikia, mpaka ukakata tamaa. Mjukuu wangu, nilikuwa nakusikia. Nilikujibu kwa sauti iliyomleta fundi cherehani mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Ni simu ndiyo haipeleki. Siku hizi inapokea tu, haitoi, kama ndugu za bibi yako.

Lakini usije ukasema imeharibika. Neno hilo sitaki kulisikia. Hii ndiyo simu uliyoninunulia kwa mshahara wako wa kwanza, ikaja ndani ya soksi mpya, na mimi niliwatangazia watu wote kijiweni kwamba hii itanizika. Basi haijaharibika, inaumwaumwa. Mwaka wa kwanza ilianguka kutoka kwenye paa nilipokuwa napiga kenchi, kioo kikapata nyufa. Nikapaka gundi ya mbao, kikatulia. Mwaka uliofuata kitufe cha kuwashia kikazama ndani, nakitafuta mpaka leo. Halafu kamera ikaingia ukungu, nikimpiga picha bibi yako anatoka kama moshi, naye anasema ndivyo anavyojisikia. Halafu nusu ya kioo ya chini ikawa haisikii kidole, ndiyo maana siwezi kukuandikia meseji, naweza kupokea tu kwa juu. Halafu betri ikavimba ikafungua mgongo, nikaibana kwa jiliwa ile ndogo ya kushikia mbao zikiwa na gundi. Imekaa vizuri sana kwenye jiliwa, inaonekana kama kitu cha hospitali.

Kwa hiyo bila waya wa chaji haikai hata ukipiga chafya moja. Na waya wenyewe haushiki, unacheza kwenye kitundu kama jino la mtoto. Nimejaribu kuuwekea tofali, nimejaribu pasi, nimejaribu kumkalisha bibi yako pale ashike kwa mkono, akashika kidogo akaniambia maneno. Mwisho nikagundua kitu ambacho hata waliotengeneza simu hawakijui. Ukibana waya kwenye mlango wa mbele, pale chini usawa wa goti, ukaufunga mlango kabisa, kichwa cha chaji kinainama kidogo na simu inakubali. Ni mlango huu tu. Nimejaribu ya wengine, milango yao imelegea. Mlango wangu unaujua, niliutengeneza mwaka ule ulipoondoka, hauna mwanya hata wa mchwa kupenya, ukifungwa nje wanaweza kugombana wawili na ndani usisikie neno. Hakuna mlango kama ule hapa wala huko uliko.

Na nyumba haina mlango mwingine, basi tunapitia dirishani. Usicheke. Nimetengeneza ngazi ya nje na ngazi ya ndani, zina mahali pa kushika, nimezipiga msasa. Wageni wanasifu.

Bibi yako anasema niandike kwamba amechoka. Nimeandika.

Babu yako, Mzee Randa

* * *

22 Februari

Mume wangu mzee,

Salamu zako zimefika na kweli zilikuwa nzito, bahasha ilikuwa imepasuka upande. Mimi sijambo. Kiwandani tunashona mashati ya mikono mirefu mwezi huu, na mimi niko kwenye kola, kwa hiyo usiku nikifumba macho naona kola. Mpe pole Bibi. Mwambie naye magoti yake ayatunze maana ngazi zako nazijua, huwa unaweka hatua za urefu wako wewe.

Babu, nimecheka peke yangu kitandani mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Halafu nikalia kidogo. Mnaingia nyumbani kwenu kwa dirisha kwa ajili ya simu? Niliwatumia nyingine mwaka juzi, mpya, kwenye boksi. Jirani ameniambia ndiyo anayotumia yeye.

Tena usifikiri za huku ndiyo za maana. Wewe unayo ileile, mimi nimeshazika mbili. Ya kwanza ilitokeza mstari wa kijani katikati ya kioo, asubuhi moja tu, sijaiangusha wala nini, ukawa unakata kila mtu uso mara mbili. Ya pili ikawa inajipigia watu yenyewe. Ilimpigia msimamizi wetu nikiwa naoga. Hii ya tatu inachemka, siku nyingine naifunga kitambaa chenye maji kama mgonjwa wa homa.

Na hapo ndipo lilipo langu la kusema. Simu zangu zimeharibika sana Babu, mpaka nimezoeana na fundi. Ana kibanda kidogo karibu na geti la kiwanda, ana taa ya kichwani kama mchimba madini. Mara ya mwisho simu ilikuwa nzima, niliipeleka tu. Naye akaifungua, akaiangalia, akaifunga, hakunidai kitu, akaniambia haina tatizo lakini niilete tena kesho.

Anataka wazee wake waje kwenu. Asili yake ni mji wa jirani hapo, wazee wake wapo huko.

Kwa kuwa huwezi kunijibu, tufanye hivi. Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa tano asubuhi, nitapiga na kuuliza swali moja tu: waje au wasije. Ukikubali, kata simu. Ukikataa, iache hewani nisikie kimya chako, nitaelewa.

Nakuomba Babu. Wewe ndiye uliyenilea, sina mwingine wa kumuuliza.

Mkeo mdogo

* * *

19 Machi

Kwako wewe,

Salamu zipo lakini leo sizipambi. Goti lilelile. Paka kahamisha watoto, kawaweka kwenye droo ya misumari.

Mimi sikukubali!

Nakueleza ilivyokuwa uelewe. Jumapili nilikaa mapema kwenye kigoda mbele ya simu, nimevaa shati. Ikaita, nikaipokea kwa juu, nikasikia swali lako. Waje au wasije. Nikakunja mikono. Nikakaa kimya, tena siyo kimya cha hivihivi, kimya cha nguvu, cha mtu mzima aliyekataa. Nilikuwa nasema moyoni, mtu anayekula kwa sababu simu za watu zinaharibika, huyo ndoa ataiweza? Siku kila kitu kikiwa kizima ndani ya nyumba yake si atakufa njaa? Na mimi ni seremala, nikitengeneza kiti mwenye kiti harudi kwangu mpaka mjukuu wake aoe. Yeye wateja wake wanarudi kila wiki na anafurahi.

Nikiwa katikati ya kimya hicho, mlango ukafunguliwa. Bibi yako. Miezi yote hii hajaugusa mlango ule, anapanda ngazi kama askari, na siku hiyo, saa hiyo, akausukuma kutoka nje kwa makalio, beseni la nguo mikononi. Simu ikazima pale pale.

Nikamuuliza, mama, umefanya nini? Akasema, mvua inanyesha, nimewahi kuingiza nguo. Nikatoka nikaangalia. Mjukuu wangu, jua lilikuwa linachoma. Nikamwambia, mvua iko wapi? Akasema, imepita.

Basi wewe huko ukasikia ndiyo, na najua ulivyo, ulishakimbilia kibandani kabla hata ya kuvaa viatu.

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima. Ningeweza kusema haikuwa mimi, ulikuwa mlango. Lakini mlango ule ni wangu, nimeutengeneza kwa mikono hii, na kama umesema ndiyo mbele ya watu mimi siwezi kuuumbua. Waje.

Ila nina sharti, na sharti langu halipindi. Siku watakayokuja, utapiga simu, nao watasikia kwa masikio yao wewe mwenyewe ukisema unamtaka huyo bwana wa taa ya kichwani, na mimi nitasikia. Kwa simu yangu. Siyo kwa simu ya jirani, siyo kwa simu ya mgeni. Neno la mjukuu wangu haliwezi kupitia kwenye mfuko nisioujua. Baada ya hapo ndipo nitatoa jibu langu, kwa mtindo wako uleule. Simu ikishindwa, basi imeshindikana, waende salama.

Bibi yako anacheka huko jikoni na hajaambiwa kitu cha kuchekesha.

Mzee Randa

* * *

16 Aprili

Babu yangu,

Samahani kwa kimya. Hapa tumekatiwa umeme mara nyingi, tunashona mchana tu. Mimi mzima, nimepungua kidogo lakini usimwambie Bibi, ataanza kunitumia vitu.

Asante kwa mlango wako. Ni kweli sikuvaa viatu.

Wazee wamekubali sharti. Watakuja tarehe 8 Juni, saa nne asubuhi. Atakuja baba yake mkubwa, ambaye alikuwa karani wa mahakama. Ni mtu wa taratibu, akikaa lazima kwanza aambiwe karibu mara mbili. Atakuja na shangazi yake, mkunga, huyo hana shida na mtu. Na Fundi mwenyewe atakuwa nyuma yao, hatasema kitu, nimemkataza. Mimi nitapiga saa nne na nusu, msimamizi ameniruhusu nitoke nje, na ameniambia kama simu yangu itampigia tena yeye badala yako nitafute kazi nyingine.

Babu, Fundi anasema kama ungemruhusu aiangalie ile simu. Anasema nyingi anazoletewa hazina ugonjwa wowote, zina uchafu tu.

Na nakuomba jambo moja, nakupigia magoti. Wazee hawa wapitishe mlangoni. Baba mkubwa hawezi kupanda dirisha, na hata akiweza hatataka. Ukifungua mlango simu inazima, najua. Ukiufunga hawaingii, najua pia. Sijui utafanyaje. Nimelala na jambo hili mpaka kola zimenitoka kichwani. Wewe ni fundi, fanya ufundi wako. Wakiondoka bila kuingia, baba mkubwa hatarudi mara ya pili, na Fundi hawezi kuoa bila yeye.

Mkeo mdogo anayetetemeka

* * *

11 Mei

Mjukuu wangu,

Salamu fupi, salamu za mtu aliyetukanwa. Uchafu? Simu yangu uchafu? Mwambie huyo bwana simu hii nimeifuta kila siku kwa kitambaa cha flana ninachofutia vioo vya makabati, na hajazaliwa mtu wa kuitia bisibisi nikiwa hai. Kitu nilichopewa na mjukuu wangu kifunguliwe kama kuku? Hapana.

Kuhusu dirisha, nimeliboresha. Nimeliwekea kipaa kidogo juu, nimeliwekea komeo, nimeliwekea na kitu cha kufutia miguu. Nimeandika KARIBU kwa patasi, nikaandika na mara ya pili chini yake kwa ajili ya karani wako. Mtu akipita hapo anajiona ameingia mahali. Kama hataki kupita, basi hakutaka mke.

Mlango sifungui na mlango siugusi. Fundi cherehani alinishauri nitoboe tundu dogo wasikilize. Nikamuuliza, wewe ukishona suti ya bwana harusi, mtu akakuambia uitoboe kidogo tu ili apitishe hewa, utakubali? Akarudi kwenye cherehani yake. Msumeno hautapita kwenye mlango ule hata aje nani.

Bibi yako amepanda ngazi akiwa na sinia la vikombe kujaribu. Vimepona viwili.

Mzee Randa

* * *

14 Juni

Babu,

Sijambo. Bibi hajambo, najua kwa sababu Fundi amenieleza. Najua pia kwamba mlikunywa chai na kwamba shangazi mkunga amekupa dawa ya kuchua goti.

Amenieleza mengi lakini akifika kwenye jambo moja anaanza kucheka na hawezi kumaliza. Baba mkubwa ananiita mkwe. Wote wanasema ulikubali. Wanasema mlango ulifunguka na simu ikakatika, basi ndiyo.

Lakini mimi nilikuwa huku, nje ya geti la kiwanda, simu sikioni inachoma. Nilisema nilichosema, halafu nikangoja. Ulikuwa kimya, halafu kimya, halafu nikaanza kuongea peke yangu kama chizi maana niliogopa kile kimya. Halafu ikakatika. Na mimi mara ya kwanza nilidanganywa na mlango.

Nauliza wewe, siwaulizi wao. Ulikuwa wewe, au ulikuwa mlango? Kama ulikuwa mlango, niambie tu. Harusi haijapangwa siku. Nitamrudishia baba mkubwa maneno yake, mimi siendi kwa mtu kwa kibali cha mbao.

Nakungoja.

* * *

6 Julai

Kwako mke wangu mdogo unayekaribia kuniacha rasmi,

Salamu leo zimepigwa msasa na kupakwa vanishi. Goti limepona kabisa, yule shangazi ni mtu wa kazi, amelichua huku ananitukana. Watoto wa paka wameanza kutembea, mmoja ni mlemavu wa akili, anapenda sauti ya randa. Bibi yako anakusalimu na anasema usimsahau. Nani atamsahau?

Umeuliza swali, nitakujibu, lakini nitakujibu kwa mpangilio maana karani alinifundisha taratibu siku ile mpaka kichwa kikauma.

Walifika. Nikawasikia wakibisha hodi, yaani sikuwasikia, mlango hausikiki, nilimwona fundi cherehani dirishani ananionyesha kwa mikono. Nikatoa kichwa dirishani nikasema, karibuni, karibuni, huku ndiko. Karani akaniangalia. Akaangalia KARIBU zangu mbili. Amevaa koti, fimbo mkononi, viatu vinang'aa. Akasema, "Mzee mwenzangu, mimi nimekuja kuposa, sijaja kuiba."

Nikamweleza habari ya waya. Nilimweleza vizuri sana, tangu kenchi mpaka jiliwa. Shangazi akawa anauma kitambaa. Karani akasema, "Basi tupige kwa simu yangu." Nikakataa. Akaitoa hata hivyo ili anionyeshe ilivyo nzuri, akabonyeza, giza. Ikabidi aipige kofi, giza. Ya shangazi ilibaki kwenye kiti cha basi. Basi wote tukamgeukia fundi simu, na mjukuu wangu, fundi simu mwenyewe akatoa simu mfukoni imefungwa mpira wa kubania noti, kioo kimetoka upande. Nikamwambia, "Na hiyo?" Akasema, "Ya wateja kwanza, Babu." Hapo nilimpenda kidogo lakini sikumwonyesha.

Karani akasema, "Mlango au tunaondoka." Nami nikasema moyoni, ondokeni. Nakwambia ukweli kwa kuwa wewe ni mke wangu. Nilikuwa nimeshashinda. Sikuwa na haja ya kusema hapana, nilikuwa na haja ya kukaa tu. Wakaanza kugeuka. Shangazi akamwambia karani, ngoja kidogo kaka. Karani akasema, nimeshangoja.

Ndipo simu ikaita ndani.

Nikarudi kwenye kigoda, nikapokea kwa juu. Ukasema, "Babu, ni mimi. Wazee shikamooni." Ukawaamkia watu ambao hawakuwepo. Ukasema unamtaka Fundi, ukasema vizuri, bila kukohoa. Halafu ukangoja. Halafu ukaanza hayo unayoyaita maneno ya chizi. Ukasema, "Babu, kama upo, mimi najua upo. Nakujua unavyopumua, hata kama simu haileti pumzi nakujua. Hata kama hukubali usiondoke kwanza, kaa hapo hapo na mimi."

Sasa mtu afanye nini? Nilikuwa nakujibu! Nilikuwa napiga kelele nipo, nipo, mjukuu wangu nipo, na simu imetulia kwenye jiliwa haina habari. Na wale watu nje wanaelekea barabarani, na neno lako hawajalisikia.

Nikachukua msumeno.

Usiniulize nilijisikiaje. Waya umebanwa usawa wa goti, kwa hiyo nikakata juu yake, usawa wa kiuno, kutoka upande wa kitasa kwenda upande wa bawaba. Mbao ile ni ngumu, ililia, bibi yako akatoka jikoni akashika mdomo. Hakusema kitu. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijui dawa yake ni nini, kumbe ni msumeno. Na wewe huko unaendelea kuongea, sasa ulikuwa umefika kwenye habari za yule kuku uliyemficha kabatini ulipokuwa mdogo. Nakata na kusikiliza, nakata na kusikiliza. Ukasema, "Babu bado nipo." Nikasema, na mimi bado nakata.

Kilipoachia, nikafungua kipande cha juu. Mwanga ukaingia. Waliposikia mbao inalia walikuwa wamesimama, sasa wakarudi. Karani akainama juu ya kile kipande cha chini, fimbo kwapani, masikio kwenye simu, na shangazi pembeni yake, kama watu wanaonunua kitu kaunta. Nikasema, subirini, mjukuu wangu anaongea, amefika kwenye kuku. Ukamaliza kuku. Ukapumua. Ukarudia mwenyewe bila kuombwa, "Lakini namtaka, Babu. Namtaka na wewe ukinikubalia."

Karani akavua kofia. Akasema, "Tumesikia." Shangazi alikuwa analia na kucheka, sijui mtu anawezaje.

Sasa sikiliza swali lako linapojibiwa. Walikuwa wamesikia, mimi nilikuwa nimesikia, kilichobaki ni jibu langu. Nusu ya chini ilikuwa bado imefungwa, waya umebanwa, simu inafanya kazi, wewe upo hewani unangoja. Ningekaa nikunje mikono, kimya kingekufikia. Nilikaa kidogo. Bibi yako alikuwa kwa upande wangu wa pili, hana beseni, mikono yake yote miwili naiona. Karani yuko nje. Fundi wako amesimama barabarani ametugeuzia mgongo, hawezi kuangalia. Hakuna mtu aliyeugusa ule mlango.

Nikaweka mkono wangu kwenye kipande cha chini. Nikaufungua.

Kwa hiyo ulikuwa mlango, na ulikuwa mimi. Usiniulize tena.

Nikasema karibu, halafu nikasema karibu. Wakaingia.

Mengine ni madogo. Chai ikiendelea, yule bwana akaomba kuishika simu tu, kuishika. Nilikuwa nimechoka, nikamwachia. Akaomba sindano kwa bibi yako, akawasha taa yake ya kichwani, mchana, akachokoa kile kitundu cha chaji, na kile kitundu kidogo cha kusemea. Hakuifungua. Ukatoka unga wa mbao. Ukatoka mwingi, umeshikana kama simenti. Akaumwaga kwenye sahani. Mimi nikaunusa, mbao nazijua kwa pua. Ulikuwa unga wa mlango uleule. Kumbe mwaka nilipokuwa naupiga randa mlango, simu ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikaipuliza ile sahani dirishani kabla karani hajaiona. Yule bwana akaniangalia, nikamwangalia. Naona hata wewe hajakuambia. Basi huyo anaweza kuingia kwenye nyumba yangu kwa upande anaotaka.

Simu sasa inashika chaji popote, hata juu ya meza. Mimi naeleza watu kwamba imejiponya yenyewe kwa sababu imelelewa vizuri. Jiliwa sijaitoa, betri bado ina tumbo. Jana ulipopiga ukasema, "Babu, nakusikia!" nikatafuta la kusema nikakosa. Miezi yote ile nilikuwa nakuambia mambo chungu nzima, ulipokuwa husikii. Niliyamaliza. Ndiyo maana ukasikia ninakohoa tu halafu nikakata. Kile hakikuwa kibali wala kukataa, nilikata kwa sababu bibi yako alikuwa ananiangalia usoni.

Mlango sijauunga. Fundi cherehani anataka wa vile, na mtu wa duka la dawa naye, anasema juu wazi chini kumefungwa ni mtindo mzuri. Nawaambia ni ufundi wangu wa siku nyingi.

Ukija na huyo bwana, kipande cha chini kitakuwa wazi kwa ajili yake na wazee wake. Wewe pita dirishani. Ngazi nimeipunguza hatua, imekaa kwa urefu wako wa zamani.

Mumeo, Mzee Randa

Bibi yako anasema niandike kwamba siku ile ya beseni mvua ilinyesha. Nimeandika.